Wiki nne zimebaki, na kikundi chetu hakina filamu

Shikamoo Anti,

Nina miaka 22, nasoma diploma ya filamu na televisheni katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Muhula huu tumepewa kazi ya vikundi: kila kikundi kitengeneze filamu fupi isiyozidi dakika kumi. Sisi tuko saba. Zimebaki wiki nne na hatuna kitu cha kuonyesha.

Skripti niliandika mimi. Inahusu binti wa mama anayekaanga samaki Mbagala. Binti amepata nafasi ya chuo, mama amemwekea akiba kidogo kidogo kwenye kibubu, halafu siku moja kabla ya safari inagundulika kaka mtu amezichukua zile hela akazimalizia kwenye mikeka ya kubashiri mechi. Kuna sini za Feri alfajiri, mama ananunua samaki mnadani, kuna sini ya pantoni, ya daladala, ya kituo cha polisi, ya hospitali baada ya mama kuanguka kwa presha, na mwisho harusi ya binti miaka mingi baadaye. Ni kurasa 28. Wenzangu waliisoma wakasema ni nzuri.

Siku ya kwanza tuligawana vyeo harakaharaka, mimi nikawa mwongozaji kwa kuwa nimeandika. Lakini kuna mwenzetu ana kamera yake mwenyewe, alinunuliwa na mjomba wake. Tukifika lokesheni yeye ndiye anasema "kata", yeye ndiye anawapanga waigizaji, na nikimrekebisha anaanza kurudisha kamera kwenye begi. Rafiki yangu wa karibu, tunayelala naye chumba kimoja hosteli tangu mwaka wa kwanza, ndiye anaigiza binti. Nilimwambia mbele ya watu kwamba anaongea kama anasoma risala. Alinyamaza mpaka jioni, tuliporudi akaniambia najifanya bosi. Kesho yake akafumua nywele alizokuwa amesuka twende kilioni, wakati sini tulizopiga anaonekana na nywele hizo. Nahisi amefanya makusudi. Mama anaigizwa na mwenzetu mwingine wa umri wetu, tumemfunga khanga na kumpaka unga kidogo kichwani aonekane ana mvi.

Jumamosi iliyopita ndiyo tulianza kupiga. Feri tulizuiwa, tukabembeleza mpaka saa nne asubuhi tukaondoka bila shoti hata moja. Mchana tukaenda Mbagala nyumbani kwa mama mdogo wa mmoja wetu, tukapata sini mbili. Tuliporudi kusikiliza, sauti haifai. Upepo, honi, muziki wa jirani, na mafuta yanayochemka kwenye kikaango yamefunika maneno yote.

Tulichanga 30,000 kila mmoja, jumla 210,000. Zimebaki 70,000. Mtunza hela anasema nyingine zimekwenda kwenye bodaboda, chakula na bando, ila hana karatasi hata moja. Wawili kati yetu hawajatokea kabisa. Mmoja hapokei simu, mwingine anajibu tu "nimebanwa". Grupu la WhatsApp limekuwa la kurushiana maneno usiku kucha.

Anti, mama yangu amenisomesha kwa kukaanga samaki. Hii hadithi naitaka kuliko alama. Niwapeleke kwa mwalimu wale wawili waondolewe? Nimwachie mwenye kamera aongoze ili yaishe? Au nichukue simu yangu nikaipige peke yangu?

Wako,
Binti wa Muuza Samaki, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi. Usiipige peke yako. Mtu mmoja hawezi kushika kamera, kushika maiki, kumtazama mwigizaji usoni na kukumbuka kwamba kwenye shoti iliyopita kikombe kilikuwa mkono wa kushoto. Na kwa mwalimu usiende bado. Kuna kazi mbili au tatu za kufanya wiki hii, na zikifanyika naamini nusu ya ugomvi wenu utakosa pa kukaa.

Nimefanya kazi ya kuhariri kwa miaka mingi, na kazi za wanafunzi zimepita mezani kwangu kwa wingi. Barua yako ilipofika kwenye "kurasa 28" niliweka simu chini. Skripti ikiandikwa kwa mpangilio wa kawaida, ukurasa mmoja huwa takribani dakika moja kwenye skrini. Mwalimu ametaka dakika zisizozidi kumi, nyinyi mmebeba filamu ya karibu nusu saa yenye soko, pantoni, polisi, hospitali na harusi. Kampuni yenye magari na jenereta ingekuna kichwa. Mlipoondoka alfajiri ile kwenda Feri tayari mlikuwa mmeshindwa, ila hakuna aliyejua, na kila mmoja alipoona mambo hayaendi akatafuta wa kumlaumu. Watu wazuri wakibebeshwa kazi isiyobebeka huanza kuonekana wavivu, wajeuri na wezi. Kabla hujamhukumu yeyote, punguza mzigo.

Wenzako wanaipenda hadithi yako, na mimi pia naipenda. Ndiyo maana nataka uikate kwa moyo mgumu. Jiulize filamu yenyewe iko wapi hasa. Kwangu mimi iko kwenye kibubu. Mama ameweka hela humo, binti anajua, kaka anajua. Kesho ndiyo safari. Lazima kivunjwe leo jioni. Basi filamu nzima iwe jioni hiyo moja, uani, kati ya watu watatu. Mama yuko jikoni anamalizia samaki wa biashara. Binti anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi. Kaka anaingia, anakuta wanafuraha kupita kiasi, na mama anamwambia, "Afadhali umekuja baba, nenda kalete nyundo."

Hebu kaa na sentensi hiyo. Kijana aliyeiba anatumwa nyundo ya kuvunjia kibubu alichokiibia. Anakwenda ndani, anachelewa. Binti anaita. Mama anacheka, anasema huyu naye, nyundo haioni na ipo mlangoni. Hatuhitaji polisi wala hospitali. Hatuhitaji hata kumwona akicheza mikeka. Simu yake inaweza kuita ujumbe wa matokeo ya mechi akiwa amesimama pale, akaizima haraka.

Na kibubu cha mbao kinakupa picha ya bure. Kijana hakuchota hela kwa kupitia tundu la juu, aling'oa ubao wa chini akaupigilia tena. Kwa hiyo chini ya mbao kuukuu kuna msumari mpya unaong'aa. Mama akikigeuza ili apate mahali pa kupiga nyundo, anauona. Shoti moja ya karibu ya msumari, shoti moja ya uso wa mama, na mtazamaji ameshaelewa kabla hajaambiwa neno. Si lazima uandike hivi hivi, hadithi ni yako. Ninachokutaka ni uandike upya kurasa zisizozidi nane, sehemu moja, siku moja, watu watatu. Ukimaliza, someni kwa sauti mkiwa mmekaa, mmoja ashike saa. Ikizidi dakika nane, kateni tena, kwa sababu macho na ukimya huongeza muda ambao haupo kwenye karatasi.

Sasa angalia kilichotokea. Feri imeondoka, pamoja na usumbufu wake. Pale ni jirani na Ikulu, ambako kupiga picha hakuruhusiwi, na kivuko chenyewe ni sehemu yenye ulinzi. Walinzi waliowazuia walikuwa kazini. Nywele za rafiki yako nazo zimeacha kuwa kesi. Sini zenye twende kilioni hazina sauti ya kutumika, mnazitupa, kwa hiyo ajipange na nywele alizonazo sasa au ajifunge mtandio kama binti yeyote aliye nyumbani jioni. Kama alifumua makusudi au kichwa kilikuwa kinamuuma, huna haja tena ya kujua.

Mama mbadilishe. Samahani kwa mwenzenu, najua amejitahidi, lakini unga kichwani unaonekana ni unga. Muombe yule mama mdogo mwenye nyumba, au jirani yake anayekaanga kweli. Mwanamke aliyekaa mbele ya jiko la mkaa miaka kumi anageuza samaki bila kuangalia mkono wake, na hilo huwezi kumfundisha msichana wa miaka 22 kwa wiki moja. Usimpe karatasi akariri. Mweleze kinachotokea, mwache aseme kwa maneno yake, wewe linda tu zile sentensi tatu nne ambazo hadithi haiendi bila hizo. Mpeni nauli kama anatoka mbali, ale pamoja nanyi, na umwambie ukweli tangu mwanzo itachukua saa ngapi, kwa sababu ana biashara yake ya kufanya. Kaka naye mnaweza kumtafuta mtaani au kwenye kundi la maigizo la chuo.

Nije kwenye jambo la nani anaongoza. Kamera ni mali ya yule kijana na anastahili heshima kwa kuileta, lakini umiliki wa kifaa haumfanyi mtu kuwa mwongozaji. Tena nashuku hajawahi kuelezwa kazi ya mpiga picha ni ipi, ndiyo maana anakamata ya kwako. Kaa naye peke yenu, mchana, nje ya grupu. Mpelekee skripti mpya ya kurasa nane na umwambie: picha zote ni zako. Lenzi gani, kamera ikae wapi, mwanga utoke upande gani, uamuzi wa kwanza ni wako na nitakusikiliza. Waigizaji nitaongea nao mimi tu. "Kata" nitasema mimi. Mkatembee pamoja kwenye ule ua, mchore kila shoti kwenye daftari hata kama ni kwa vijiti, mbishane hukohuko kwenye daftari. Mkitofautiana siku ya kupiga, pigeni kwanza kama ilivyochorwa. Muda ukibaki, pigeni na ya kwake. Nimeona mara nyingi ile ya pili ndiyo inayoingia kwenye filamu, na hakuna aibu ndani yake.

Akikataa kabisa, akasema bila kuongoza haleti kamera, mshukuru na mpige kwa simu. Mwaka 2015 kwenye tamasha la Sundance kule Marekani ilionyeshwa filamu ndefu iliyopigwa kwa simu za iPhone 5s, simu ambayo leo wanafunzi wengi wanaona imezeeka. Ila wale watu hawakutegemea maiki ya simu. Sauti waliirekodi kivyake kwa vifaa vyake. Mkitumia simu, iweke kwenye tripodi, iwekeni hali ya ndege isiite katikati ya teki (kila mara mnapoipiga shoti), fungeni mwanga na fokasi visibadilike vyenyewe mama akisogea, na wekeni fremu 25 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, ndiyo maana taa za ndani zinachezacheza kwenye picha mpangilio usipolingana nao. Programu ikikuruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda wa mwanga kuingia kwa kila fremu, weka 1/50 ya sekunde.

Mahali pa kuweka nguvu zenu zote ni sauti. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia maneno anachukua simu yake. Tafuteni maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ya kuazima au ya bei nafuu, iingizwe kwenye simu ya pili iliyofichwa mfukoni au chini ya khanga. Mwanzoni mwa kila teki mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera. Mhariri ataliona kofi na kulisikia, na kwa hilo ataoanisha sauti na picha.

Halafu mafuta. Kikaango kikichemka karibu na maiki hakuna maneno yatakayopona, hata mngekuwa na maiki ya bei gani. Kwa hiyo kukaanga kupigwe kivyake. Anzeni na shoti za karibu za samaki, mkono, moshi, bila mazungumzo, na mrekodi mlio wa mafuta peke yake kwa dakika moja au mbili. Yakija mazungumzo, kikaango kiko pale lakini kimeepuliwa kwenye moto, mama anapanga samaki waliokwisha iva kwenye sinia. Mhariri atauweka mlio wa mafuta chini ya maneno kwa kiasi anachotaka. Hilo pia linawapunguzia hatari ya mafuta ya moto kwenye ua wenye nyaya na watu kumi wanaopishana. Ndoo ya mchanga iwe karibu, na mtoto asipite.

Nendeni Mbagala siku mbili kabla, saa ileile mtakayopiga, mkae kimya robo saa na kusikiliza tu. Mtajua jirani anafungulia muziki saa ngapi, jogoo ni wa nani, daladala zinapigia honi kona gani, adhana ya Magharibi inaingia lini. Nenda kwa jirani wa muziki mapema, kwa adabu, mwombe saa mbili tu za utulivu. Wengi hukubali wakiombwa kabla, hukasirika wakigombezwa katikati ya wimbo. Ndani zimeni friji na pangaboi. Na kabla ya kufungasha, kila mtu asimame bila kusema neno kwa dakika moja mrekodi ule ukimya wa ua. Mhariri wenu atawashukuru, kwa sababu ndiyo gundi ya kuunganishia vipande vya sauti.

Mwanga wa Dar ni mfupi, muupangie. Jua la saa saba linakaa utosini na kutia uso vivuli vibaya chini ya macho. Kuanzia saa kumi linalainika, na likishazama saa kumi na mbili na kitu, giza linaingia upesi kwa sababu tuko karibu na ikweta. Hadithi yenu ni ya jioni moja, lakini jioni moja haiwatoshi. Chukueni mbili mfululizo, saa kumi mpaka giza, nguo zilezile. Asubuhi za siku hizo pigeni vya ndani: begi, nyundo, kaka akiwa amesimama chumbani peke yake. Kikundi kipya kikipata shoti kumi na tano nzuri kwa siku, kimefanya kazi. Kibubu chenyewe kivunjwe mara moja tu, mwisho kabisa, baada ya shoti zote ambazo bado kizima. Fundi seremala anaweza kuwatengenezea viwili kwa mabaki ya mbao, kimoja cha akiba.

Rafiki yako. Hapa ulikosea, mwanangu, na lazima nikwambie. Mwigizaji harekebishwi mbele ya watu, hasa asiye na uzoefu, hasa rafiki. Nenda kamwombe radhi, fupi tu, bila "lakini". Kisha badilisha namna ya kumwelekeza. Ukimwambia mtu anaongea kama anasoma, atazidi kusoma, kwa sababu sasa anajisikiliza. Mpe mikono yake kazi. Akunje nguo huku anaongea, atafute soksi ya pili, ahesabu madaftari. Mwulize binti huyu jioni hii anaogopa nini ambacho hamwambii mama. Ukitaka abadilishe kitu, mfuate alipo, mnong'oneze, rudi nyuma ya kamera.

Kuhusu wale wawili: anayejibu "nimebanwa" mpigie, usimwandikie, umwulize amebanwa na nini. Huenda anafanya kazi jioni dukani kwa mtu ili alipe ada na anaona aibu kusema. Kama ndivyo, mpeni kuhariri, kazi ya usiku na laptopu. Asiyepokea simu mtumie ujumbe mmoja wa heshima wenye kazi moja na tarehe moja: tunaomba uandae barua za ruhusa na orodha ya vifaa kufikia Ijumaa, usipoweza, tutaendelea na jina lako halitaingia mwishoni mwa filamu. Ijumaa ikipita kimya, hapo ndipo kiongozi wa kikundi anamwandikia mwalimu, wazi, bila matusi, akieleza nani anafanya nini. Mwambieni wiki hii ya kwanza, si siku ya kukabidhi. Mwalimu akiambiwa mapema ana nafasi ya kusaidia.

Mtunza hela usimwite mwizi. Watu saba, bodaboda za kwenda Feri na kurudi, chakula cha mchana, bando: 140,000 inaweza kuisha kweli. Mwambieni aandike anachokumbuka, mkubali, mfunge ukurasa huo. Kuanzia sasa hela zilizobaki ziwe kwenye simu ya mtu mmoja, na mwingine ndiye anaidhinisha. Malipo yapite kwenye simu kila inapowezekana ili ujumbe wa muamala uwe risiti. 70,000 inatosha sana kwa ua mmoja: samaki, mkaa, mafuta, mbao, nauli ya mama, na chakula mnachopika wenyewe palepale. Mtu mwenye njaa hashiki maiki vizuri, kwa hiyo chakula msikikate.

Ruhusa nayo isiachwe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kwa filamu, na chombo kinachoshughulika nacho ni Bodi ya Filamu Tanzania. Kwa kazi ya chuo, ombeni barua ya utambulisho kwa mwalimu na mwulizeni utaratibu wa chuo chenu kuhusu kibali. Nakala ipelekeni ofisi ya serikali ya mtaa pale Mbagala kabla hamjafungua begi la kamera, ili mwenyekiti asisikie habari zenu kwa watu. Mwenye nyumba na waigizaji wote wasaini karatasi ya kukubali kuonekana. Wimbo wa Bongo Fleva unaoupenda usiuweke bila ruhusa ya maandishi ya wenye haki. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, na tamasha la filamu kama la Zanzibar, linalofanyika tangu 1998 na kupokea filamu fupi, litataka mthibitishe kwamba haki mnazo. Mlio wa mafuta, kuku na mtaa wenyewe vinatosha. Au mtafute kijana wa chuo mwenye gitaa, awapigie kitu chake.

Ratiba yenu basi iwe hivi. Wiki hii andika upya, someni, tembeleeni ua, mkutane na mama. Wiki ijayo pigeni siku mbili. Kila jioni, kabla mtu hajaoga, faili zote zinakiliwe sehemu mbili, laptopu na diski ya nje (hadi diski), na memori kadi isifutwe mpaka watu wawili wamefungua nakala wakaona zinacheza. Hadi diski alale nayo mtu mwingine, siyo mwenye laptopu. Wiki ya tatu ni ya kuhariri, na wewe usikae begani kwa mhariri. Mwachie atoe toleo la kwanza peke yake. Likiwa tayari, liangalieni na watu watatu ambao hawajasoma skripti. Msiwaelezee chochote. Mwulizeni tu kila mmoja: kaka alifanya nini, na ulijua lini? Wakijibu "tulijua alipochelewa na nyundo" au "tulipouona msumari", mko salama. Wasipojua, kuna shoti inakosekana, na ndiyo maana wiki ya nne nimeiacha wazi, mrudi uani jioni moja kuipiga.

Lile grupu la WhatsApp lifanyeni la saa, mahali na vifaa tu. Malalamiko yaletwe mkikutana ana kwa ana.

Majina ya mwisho mwa filamu, mwulize kila mtu jina lake linavyoandikwa. La mama wa Mbagala liwe la kwanza kati ya waigizaji, na siku ya kuonyesha mtumieni nauli aje kuiona.

Anti